Mbuzi wa Sita

Mwarandu alikuwa mtu wa mbuzi. Nasema hivyo kwa heshima, ingawa pale Changamwe wapo waliomwita Bwana Beberu na kucheka mpaka wakashika mbavu. Mpe mbuzi asiyemjua, atampitisha mkono mgongoni, atamfunua mdomo, kisha atakutajia umri wake na kukwambia kama mwenye mbuzi huyo ni mchoyo wa chumvi. Kwa mbuzi hakukosea. Kwa watu ndiko alikokuwa dhaifu: mpole kupita kiasi, mwepesi wa kuitikia, hajui kumkatalia mtu usoni. Ukimwuliza jambo, alitazama kwanza jibu gani litakufurahisha. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na sisi tuliomjua tuliuita uungwana.

Mwaka wa 1943, vita vimepamba moto, alipata kazi hospitalini kwa sababu ya mbuzi hao hao. Hospitali yenyewe ilikuwa mabanda manane ya mabati kwenye njia ya kwenda Port Reitz, yaliyojengwa haraka kwa ajili ya askari, yakaishia kupokea kila mtu: makuli wa bandarini, wenyeji wa Jomvu na Miritini, na yeyote aliyeangukiwa na kitu. Daktari mkubwa alikuwa Mzungu mrefu, mkondefu, ambaye watu walimwita Bwana Mifupa kwa vile homa na kikohozi aliwaachia wengine. Yeye umletee mtu aliyevunjika.

Shida iliyomsumbua Bwana Mifupa ilikuwa hii. Mtu akivunjika vibaya, mfupa hufungwa kwa chuma huko huko ndani ya nyama. Mfupa ukishaunga, chuma hakina kazi tena, lakini kimebaki, na mara nyingi mgonjwa hulazimika kupasuliwa mara ya pili ili kitolewe. Sasa yeye alitaka chuma kitakachoshika mfupa mpaka uunge, halafu kiyeyuke chenyewe kidogo kidogo, kiliwe na mwili, kipotee. Alikuwa amesoma kwamba huko Ulaya madaktari walishajaribu kwa madini mepesi yaitwayo magnesi, yale yale yanayotiwa kwenye ndege. Wengine walifaulu, wengine waliharibu. Na jirani yake palikuwa na uwanja wa ndege, na ndege zilizoanguka hazikukosekana. Mafundi wa uwanjani wakamchongea misumari midogo ya magnesi ya aina tatu, kila aina imechanganywa na madini mengine kwa kiasi chake.

Swali lilikuwa moja tu: mwili utaipokea misumari hiyo, au utaikataa? Na kabla ya kumwuliza mtu, waulizwe mbuzi.

Wakanunuliwa mbuzi sita, wakavishwa vibati vyenye nambari masikioni. Kila mmoja alitobolewa mfupa wa paja, akapigiliwa msumari, akashonwa. Mbuzi wa kwanza na wa pili walipata aina ya kwanza, wa tatu na wa nne aina ya pili, wa tano na wa sita aina ya tatu. Kazi ya Mwarandu ilikuwa kuwalisha, kuwalinda, na kila asubuhi kuwapapasa mapaja, kisha amwambie Florence alichokikuta.

Florence alikuwa mwuguzi, mzaliwa wa Kisauni, katika wale Wakristo wa zamani wa Frere Town, wajukuu wa watumwa walioachwa huru. Alikuwa na mwandiko mzuri na ulimi usiobembeleza mtu. Daftari la mbuzi lilikuwa lake.

Siku ya kwanza Bwana Mifupa alimwita Mwarandu, akatumbukiza msumari mmoja ndani ya gilasi ya siki. Msumari ukaanza kutoa mapovu.

"Ndivyo unavyokwisha," akasema kwa Kiswahili chake cha kupinda. "Unatoa hewa. Hewa kidogo, mwili huichukua ikapotea. Hewa nyingi, nyama itafura na mfupa utalegea. Kwa hiyo ukisikia hewa chini ya ngozi, niambie siku ile ile. Hilo ndilo nataka kulijua kuliko yote."

"Nimesikia, Bwana Daktari," akasema Mwarandu. Na alikuwa amesikia kweli. Tusije tukamtafutia kisingizio cha kutofahamu.

Aina ya kwanza iliharibika mapema. Wiki ya pili mapaja ya mbuzi wa kwanza na wa pili yalifura, Mwarandu akasema, Florence akaandika, daktari akaitoa misumari. Aina ya pili ikafuata njia hiyo hiyo wiki ya nne. Aina ya tatu ndiyo iliyotulia. Kila asubuhi Florence aliuliza, "Wa tano?" naye akajibu, "Mzima." "Wa sita?" "Mzima." Bwana Mifupa akaanza kutabasamu, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

Ikafika Jumapili ya wiki ya sita. Mwarandu alikuwa akikaa nyuma ya hospitali, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na shamba la mkewe Kaviha, mama wa binti yake Kache, shamba la muhogo mchungu. Jumapili hiyo aliwatoa mbuzi wakale majani, akawafunga kwa kamba vibaya vibaya, akaenda kwa jirani yake Baya kunywa mnazi. Alisema anakaa kidogo. Akakaa mpaka alasiri.

Aliporudi alimkuta Kaviha amesimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni.

"Baba Kache, mbuzi wa Mzungu kanimalizia muhogo. Wewe ulikuwa wapi?"

Mbuzi wa sita alikuwa amelala ubavu katikati ya miche, majani yamemjaa mdomoni, anahema kwa shida. Mbuzi aliyekula muhogo mchungu hufura tumbo, ubavu wa kushoto, hata ukimgonga analia kama ngoma. Mwarandu alimgonga. Tumbo lilikuwa limejaa kidogo, si la kuua. Mkono wake ukashuka wenyewe mpaka pajani, penye kovu. Pale ngozi ilikuwa imeinuka, na uvimbe umepanda mpaka nyongani. Jana yake asubuhi haukuwepo, na leo hakumpapasa kwa sababu ya haraka ya kwenda kwa Baya. Akabonyeza. Ikalia chini ya vidole, sauti ndogo kavu, kama makapi ya mpunga ukiyafinya ndani ya gunia.

Aliisikia. Tulishike hilo, maana baadaye alijaribu mara nyingi kujidai kwamba hakuisikia.

"Ni muhogo," akasema kwa sauti, ili Kaviha asikie.

Jua halijatua, mbuzi akafa.

Kifo cha muhogo Mwarandu alikijua. Lilikuwa kosa la mchungaji, na kwao kosa hilo lina njia yake. Ukiwekewa mbuzi na mtu, akafa mikononi mwako kwa uzembe, unamrudisha mwingine aliye sawa naye au bora kuliko yeye, na ngozi ya aliyekufa unampelekea mwenyewe aione kwa macho yake. Ukishafanya hayo mawili hulazimiki kuinamisha kichwa. Babake alifanya hivyo, na babu yake. Kifo cha msumari, kwa upande mwingine, hakukijua kina njia gani. Kilikuwa na daftari, na maswali, na Bwana Mifupa akikunja uso, na labda kazi kwisha. Basi akauchagua muhogo.

Alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, jike wa kahawia mwenye tumbo jeupe, umbo lile lile la marehemu. Asubuhi mapema akamtoboa sikio, akamvisha kibati cha sita. Marehemu alimchuna, akauzika mwili wote na mfupa wake na msumari wake, ngozi akaianika nyuma ya jiko. Mpaka hapo, ukimwuliza mtu yeyote wa kwao, angekwambia Mwarandu amefanya uungwana: amelipa mbuzi bora kuliko aliyekufa. Lilibaki la pili tu, kuipeleka ngozi.

Lakini mbuzi wake hakuwa na kovu. Florence angefika na daftari kabla ya yeye kupanga maneno yake. Akachukua wembe, akamnyoa paja, akaupitisha juu ya ngozi urefu wa kidole. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu, mpaka apate nafasi ya kusema vizuri. Pale kwenye wembe ndipo alipovuka. Kabla ya wembe alikuwa mchungaji aliyezembea, baada yake akawa mdanganyifu, na yeye mwenyewe aliujua mpaka huo.

"Hii alama mbichi ya nini?" aliuliza Florence.

"Kajikuna kwenye seng'enge."

Florence akamtazama kidogo, akaandika alivyoambiwa.

Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Ngozi ilikauka, akaikunja, akaichomeka kwenye makuti ya paa la jiko. Mara nyingi aliitoa, akaishika, akairudisha. "Wa sita?" "Mzima." Na ajabu ya mambo, hapo hakusema uongo hata kidogo. Mbuzi yule alikuwa mzima kama siku aliyozaliwa.

Filamu za picha za mifupa zilikuwa adimu wakati wa vita, kwa hiyo Bwana Mifupa alingoja mpaka mwezi wa tatu utimie. Picha ya mbuzi wa tano ilionyesha msumari uliokonda, umebaki kama kijiti, na mfupa uko salama. Picha ya mbuzi wa sita haikuonyesha kitu. Hapana msumari, hapana tundu, mfupa mweupe mtupu.

"Umekwisha wote," akasema Bwana Mifupa taratibu. "Hata tundu limeziba."

Florence aliishika picha kwenye dirisha muda mrefu. "Hata alama haikubaki, Bwana Daktari?"

"Mbuzi kijana huyo. Anapona upesi."

Kisha Mzungu akamgeukia Mwarandu, akampa mkono, akamshukuru kwa utunzaji mwema. Mwarandu alihisi uso unamwaka. Angekuwa ametafuta chuma cha kumfichia uongo, asingepata kizuri kuliko hiki, maana alama ya kufaulu kwake ni kutoonekana. Chuma kingine chochote kingemuumbua siku ile ile. Akafungua mdomo.

"Bwana Daktari..."

"Ndiyo, Mwarandu?"

"Mbuzi hawa ni wazuri."

Akatoka nje, akakaa nyuma ya banda, akajitukana matusi ambayo hakuwahi kumtukana mtu.

Haukupita mwezi, akaletwa Nyamvula.

Nyamvula alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, binti wa mzee Tsuma, mshonaji makuti wa upande wa Jomvu Kuu. Gogo la mnazi lililokuwa likipakiwa garini liliporomoka, likamvunja mfupa wa muundi vipande viwili. Alikuwa ameshaposwa na kijana mmoja aitwaye Charo, na jambo la kwanza aliloliuliza, meno yakimgongana kwa maumivu, lilikuwa kama ataweza kucheza siku ya arusi yake.

Bwana Mifupa hakumficha mzee Tsuma. Alimweleza kwamba chuma cha kawaida kipo, ila itabidi msichana apasuliwe tena mwakani. Chuma kipya kitayeyuka chenyewe, lakini hapa hakijatiwa kwa mtu yeyote bado. Kimetiwa kwa mbuzi wawili, wote wawili wamekipokea vizuri. Uamuzi ni wa mzee.

Mzee Tsuma akatoka nje, akamkuta Mwarandu ameinamia ndoo zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mambo ya Wazungu siyajui. Wewe nakujua, na babako nilimjua. Umekaa na mbuzi hao tangu mwanzo. Niambie. Huyu angekuwa Kache wako amelala mle ndani, ungekubali?"

Mzee alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa yakiomba jibu moja tu, na Mwarandu aliliona jibu hilo kama unavyouona mlango ulio wazi.

"Ningekubali," akasema.

Mzee Tsuma akashusha pumzi, akamshika bega, akarudi ndani kutia kidole gumba kwenye karatasi.

Siku nane za kwanza baada ya misumari kutiwa zilipita salama. Mwarandu hakulala vizuri hata siku moja, akawa akipitapita karibu na wadi ya wanawake akijifanya anatafuta ndoo, mpaka Kaviha akamwuliza kama amepata mke wa pili huko. Siku ya tisa, asubuhi, Florence alimwita amsaidie kumwinua Nyamvula ili shuka libadilishwe. Mguu ulikuwa umefura kutoka kifundoni mpaka karibu na goti, ngozi inang'aa. Mwarandu alipoukinga kwa kiganja ili usiumie, ikalia. Sauti ile ile, ndogo, kavu.

Florence naye aliisikia. Akamwita daktari.

Bwana Mifupa alibonyeza mara moja, akabonyeza tena, rangi ikamtoka usoni. Alikuwa ametibu askari huko vitani. Alijua ugonjwa mmoja wa kuoza unaojaza nyama hewa, na ukishaanza mguuni huchukua siku moja au mbili kumfikisha mtu kaburini. Dawa yake ni msumeno, juu ya goti, bila kungoja.

"Haiwezi kuwa ni msumari?" Florence aliuliza.

"Aina ya tatu haitoi hewa nyingi namna hii. Wa tano na wa sita, umeandika mwenyewe."

"Nimeandika nilichoambiwa," akasema Florence, na hakumtazama daktari aliposema hivyo.

Ikaamuliwa mguu ukatwe saa saba mchana, vyombo vikishachemshwa. Mwarandu alibaki ameushika. Nyamvula akamgeukia, kwa kuwa yeye ndiye wa kwao pale ndani.

"Ami, wataukata wote?"

Aliulaza mguu juu ya mto, akatoka, akasimama uani juani. Hesabu yake ilikuwa rahisi na mbaya. Akinyamaza, mguu utakatwa, watu watasema ni maradhi, Mungu ameandika, na hakuna atakayejua milele. Akisema, amekwisha: kazi, jina, uso wake mbele ya mzee Tsuma. Na huenda daktari ni mkweli, huenda ni ule uozo, na kusema kwake kukamchelewesha msichana akafa. Alilishikilia hilo la mwisho kwa muda, kwa sababu lilimpa ruhusa ya kunyamaza. Nakwambia alisimama pale mpaka kivuli chake kikaingia chini ya miguu yake. Saa nzima na zaidi, msichana yuko ndani anangoja msumeno. Saa hiyo ilimtesa baadaye kuliko ule wembe.

Kilichomwondoa pale si ushujaa. Ni mkono. Vidole vyake vilikuwa bado vinaisikia ile sauti, na alijua, kwa ujuzi wake wote wa mbuzi na nyama na uhai, kwamba mguu ule haukuwa na harufu ya kuoza. Ulikuwa na hewa tu. Akakimbia nyumbani, akachomoa ngozi kwenye makuti, akarudi mbio nayo mkononi, na watu wa njiani wakamcheka Bwana Beberu aliyepata kichaa.

Bwana Mifupa alikuwa ameshanawa mikono. Florence alikuwa akipanga vyombo.

"Bwana Daktari, mbuzi wa sita alikufa."

"Mbuzi gani? Nimemwona leo."

"Yule ni wangu. Wa sita alikufa wiki ya sita. Ngozi yake hii. Kovu lako hili hapa, na hili tundu la kibati."

Daktari aliitazama ngozi. Alikuwa mtu mwerevu, haikumchukua muda.

"Paja lilifura?"

"Lilifura."

"Lililia?"

"Lililia, kama mguu wa huyu. Nilisikia kwa vidole vyangu. Nikasema ni muhogo."

Hakumtukana. Aliuweka msumeno kando, akachukua kisu kidogo, akafungua mahali misumari ilipoingia. Hewa ikatoka. Nyama ya chini ilikuwa nyekundu, hai, bila uozo wowote. Akaitoa misumari yote mitatu, imeliwa nusu, akausafisha mguu, akaufunga kwa mbao na plasta. Jioni, kabla ya jua kutua, wakamfukua mbuzi wa sita, wakaukuta msumari wake umekuwa hivyo hivyo. Mguu wa Nyamvula ukapona. Lakini mfupa ulikuwa umeshalegea pale uliposhikiliwa na misumari, ukaunga umepinda na kupungua, na tangu siku hiyo akawa akitembea kwa mkongojo, bega moja chini.

Mwarandu alingoja kufukuzwa. Alitamani kufukuzwa. Bwana Mifupa alimwita barazani.

"Wewe ulidanganya," akasema. "Mimi nilimtia mtoto wa watu chuma kwa ushahidi wa mbuzi wawili. Mbuzi wawili, Mwarandu. Hata ungekuwa mkweli, wawili hawakutosha."

Majaribio yakafungwa siku ile. Na alipokuja mzee Tsuma, daktari akamwambia kwamba mwili umekikataa chuma, kwamba kosa ni lake yeye daktari, na kwamba asingekuja Mwarandu mbio kumzuia, mguu ungekuwa umekatwa. Kila neno lilikuwa kweli. Mzee Tsuma akaishika mikono miwili ya Mwarandu, akalia juu yake, naye Mwarandu akasimama, akaiacha ilowe machozi.

Mwaka uliofuata daktari alihamishwa. Mwarandu alibaki na sifa. Kwenye arusi alikaribishwa mbele, kwenye matanga alipewa kiti. "Huyu ndiye aliyeuokoa mguu wa mwanangu," mzee Tsuma alikuwa akiwaambia wageni, na kila akisema, Mwarandu aliona haya yakimpanda kooni akayameza na pilau. Charo aliiondoa posa yake kimya kimya, akaoa Kaloleni. Mwarandu aliposikia hakula siku mbili. Akaanza kumbebea Nyamvula makuti kwenda sokoni, kila Ijumaa, kutoka Jomvu mpaka Changamwe. Watu wakazidi kumsifu. Nakuhakikishia hakuna adhabu kama hiyo, kusifiwa kila wiki kwa kosa lako.

Ikapita miaka sita hivyo. Ijumaa moja ya mwaka 1949, wako njiani, mzigo kichwani mwake, mkongojo wa Nyamvula ukigonga changarawe nyuma yake, akasimama. Hakujua kwa nini siku hiyo. Akautua mzigo, akasema yote: mnazi wa Baya, sauti ya pajani, wembe, ngozi, jibu alilompa mzee Tsuma, na ile saa aliyosimama juani. Alisema bila kumtazama.

"Najua, ami," akasema Nyamvula.

Mwarandu akamgeukia.

"Florence aliniambia wiki ile ile, akinibadilisha kitambaa. Alisema nina haki ya kujua kilichoingia mwilini mwangu. La kusimama juani sikulijua. Hilo umenipa leo."

"Miaka sita unajua? Mbona hukusema?"

"Nikuseme kwa nani? Lilikuwa lako hilo. Mimi nina mguu wangu wa kuburuta." Alikaa juu ya mzigo wa makuti, akaunyoosha mguu uliopinda. "Kila Ijumaa nilijiambia, leo atasema. Nilikuwa nikikuachia mzigo kwa makusudi, upate pa kuanzia. Nikichoka nakuchukia, nikipumzika nakuhurumia. Ijumaa nyingi sana hizo."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniharakishe. Na tena si mimi uliyemwambia ungekubali. Mimi sikukuuliza. Baba ndiye aliyekuuliza."

Mwarandu alikwenda kwa mzee siku ile ile, makuti wakayaacha kwa mtu njiani. Mzee Tsuma alikuwa amekaa ukumbini kwake anashona kuti, macho yameshakuwa hafifu, anashona kwa vidole. Alimpokea kwa furaha, akaagiza kahawa. Mwarandu hakungoja kahawa ifike. Alisema tena, mara ya pili kwa siku moja, na mara ya pili haikuwa nyepesi.

Mzee hakuacha kushona. Alifika mwisho wa kuti, akalifunga, akaliweka juu ya mengine.

"Nilikuuliza kwa Kache," akasema.

"Uliniuliza."

"Na ile sauti ulikuwa umeshaisikia."

"Nilikuwa nimeshaisikia, mzee."

Mzee Tsuma akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata jibu la jambo lililokuwa likimtatiza. Kahawa ilipoletwa alimwambia anywe, inapoa. Wakazungumza kidogo habari za mvua. Alimsindikiza mpaka njiani, kama ilivyo ada, akamuaga vizuri.

Na hakubadilika kwa salamu. Alimwitikia kama siku zote, kwenye matanga alimsogezea kiti. Ila hakumwuliza tena shauri lolote. Mwisho wa mwaka ule mbuzi wa mzee walishikwa na maradhi, wakafa watatu kwa siku moja. Mzee Tsuma, na macho yake yale, alitembea kwa miguu mpaka Kisauni kumtafuta mtu wa kuwatazama waliobaki. Mwarandu alikuwa barazani. Mzee alipita mbele ya mlango wake, akamwuliza hali ya nyumbani, akaitikiwa, akaendelea na safari.